Nirvana, Pearl Jam, Soundgarden au Alice in Chains: Pesa Yako Iende Wapi?

Ubishi wa bendi bora ya granji hauna mwisho, na wanaobishana hawatoi hata senti. Anayetoa ni mnunuzi. Kama una dola 30 na unataka kuanza na ile roki nzito ya Seattle na miji ya jirani, ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, jiulize bendi ipi itakupa muziki mzuri mwingi zaidi kwa pesa hiyo bila kukurudisha dukani kulipa mara ya pili.

Jibu kwa mwenye haraka ni hili. Kwa albamu moja tu, chukua CD iliyotumika ya Superunknown ya Soundgarden. Kwa bendi nzima unayotaka kuimaliza, chukua Nirvana. Ina jina kubwa kuliko zote, na bado ndiyo nafuu kuliko zote kuikamilisha, mradi ununue nyimbo na uyaache maboksi. Pearl Jam na Alice in Chains zina nafasi yake, kila moja kwa sharti lake.

Kwanza amua umbo

Pesa nyingi hupotea hapa kabla hujachagua hata bendi. Bei zifuatazo ni makadirio ya maduka ya Marekani, ambako bidhaa hizi zimejaa.

CD iliyotumika ni dola 4 hadi 8. Ni rahisi kwa sababu granji ilishika chati wakati CD zikiuzwa kwa mamilioni. Ten ya Pearl Jam peke yake imethibitishwa kuuza nakala milioni 13 Marekani. Waliozinunua wamezeeka, wamehamia kwenye simu, na masanduku yao yameishia maduka ya vitu vilivyotumika. Kwa hiyo kadiri albamu ilivyouzwa sana zamani, ndivyo CD yake ilivyo rahisi leo.

CD mpya ni dola 10 hadi 15. Hakuna sababu ya kuinunua kama iliyotumika inapatikana na haina mikwaruzo mibaya.

Santuri mpya ni dola 25 hadi 35 kwa sahani moja, na hupanda hadi 40 au zaidi kwa sahani mbili. Kaseti mpya ni dola 10 hadi 15, lakini mkanda huchakaa na mashine nzuri ya kuichezea ni adimu. Kaseti iache kabisa.

Faili za kupakua ni kati ya dola 8 na 12 kwa albamu. Hazina nauli wala forodha. Ziweke sehemu mbili tofauti, kwa sababu simu ikiibwa bila nakala ya akiba, albamu imekwenda nayo.

Kusikiliza mtandaoni Marekani ni takriban dola 12 kwa mwezi. Afrika Mashariki ada huwa chini ya hapo, ila bando ni juu yako. Muziki wa kiwango cha juu cha kawaida, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 144 kwa saa. Ukishusha hadi kilobiti 96, matumizi ni kama megabaiti 43. Pakua albamu ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha uisikilize bila mtandao.

Dola 12 kwa mwezi ni dola 144 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo unapata CD zilizotumika zaidi ya ishirini, na hizo hazikatiki mwezi usipolipa. Huduma ya mtandaoni inafaa kwa mwezi mmoja wa kuonja. Sikiliza kila kitu, andika unachokipenda, sitisha malipo, kisha nunua hicho tu.

Nirvana: ya bei ndogo, yenye vishawishi vingi

Nirvana ina albamu tatu tu za studio: Bleach ya 1989, Nevermind ya 1991 na In Utero ya 1993. Ongeza MTV Unplugged in New York ya 1994 na umemaliza sehemu kubwa ya yaliyo muhimu. CD nne zilizotumika ni dola 20 hadi 30.

Bleach iligharimu dola 606.17 kuirekodi kwa mtayarishaji Jack Endino, na pesa zilitolewa na Jason Everman, ambaye ametajwa kwenye jalada kama mpiga gitaa ingawa hakupiga hata noti moja humo. Sauti yake ni ya bei hiyo: nzito, chafu, ya haraka. Inunue mwisho.

Anza na Nevermind. Hapa anayebana matumizi ana bahati: CD ya zamani ya miaka ya 1990 inasikika vizuri kuliko toleo la 2011 lililosafishwa upya. Toleo la 2011 limepandishwa sauti mpaka tofauti ya sehemu tulivu na sehemu za kelele imepungua, na kupanda na kushuka huko ndiko kulikozibeba nyimbo za bendi hii. Ya bei ndogo ndiyo bora.

Kwa In Utero, tafuta CD iliyotengenezwa kwa soko la nje ya Marekani. Ina wimbo wa ziada baada ya kimya cha kama dakika 20 mwishoni, na kwa kawaida bei ni ileile. Ukikutana na toleo lenye jalada la nyuma lililobadilishwa, lililotolewa mwaka 1994 ili maduka ya Wal-Mart na Kmart yakubali kuiuza, usilipe nyongeza eti ni adimu.

Mtego wa Nirvana ni maboksi ya maadhimisho. Nevermind ilipewa boksi ilipotimiza miaka 20 na jingine ilipotimiza 30. Ndani mna albamu uliyonayo tayari, majaribio ya studio na maonyesho ya jukwaani, kwa bei inayotosha kununua rafu nzima ya bendi nyingine. Boksi ni la aliyekwisha kuwa na kila kitu.

Mtego wa pili ni mkusanyiko wa 2002 wenye jina la bendi. Ndani yake kuna wimbo mmoja tu ambao haukuwa umetolewa kabla, You Know You're Right. Ukiupenda mkusanyiko utazitaka albamu, na utakuwa umelipia nyimbo zilezile mara mbili.

Soundgarden: dakika nyingi kwa senti chache

Superunknown ilitoka Machi 1994 na ikaingia chati ya Marekani moja kwa moja nambari moja. Ina dakika 70 kwenye CD moja. Kwa dola 6, hiyo ni chini ya senti 9 kwa dakika. Kwa bei ileile, hakuna albamu ya studio ya bendi hizi nne kubwa iliyoshika chati yenye hesabu nzuri kuliko hiyo.

Dakika peke yake si hoja, maana albamu ndefu mbovu ni hasara ndefu. Hii ina aina nyingi: nyimbo nzito zilizokokotwa taratibu, nyimbo za haraka, na Black Hole Sun ambayo hata asiyependa roki huenda ameisikia. Black Hole Sun na Spoonman ziliipa bendi tuzo mbili za Grammy mwaka 1995. Sauti ya mwimbaji wao Chris Cornell hukuvusha hata pale wimbo unapolegea.

Kwenye santuri hesabu inageuka. Dakika 70 hazitoshi kwenye sahani moja, hivyo utalipia mbili na utainuka mara tatu kugeuza. Hii inunuliwe kwenye CD au faili.

Ya pili ni Badmotorfinger ya 1991, ngumu na yenye makali zaidi. Soundgarden ina albamu sita za studio, ya mwisho King Animal ya 2012. Mnunuzi wa pesa kidogo zinamtosha mbili.

Alice in Chains: ubora wa juu, angalia urefu

Wakisema Dirt ya 1992 ndiyo albamu kamili kuliko zote za granji, nitakaa kimya. Layne Staley na Jerry Cantrell wanaimba kwa sauti mbili zilizofungamana kwa namna ambayo bendi nyingine za mji ule hazikuwa nayo. Rooster inamhusu baba yake Cantrell aliyepigana Vietnam. Nyimbo nyingine nyingi zinahusu heroini, na hazipambi kitu. Staley alifariki Aprili 2002. Kama unataka muziki wa kuchangamsha safari, hii siyo.

Dirt ina dakika 57. Toleo la santuri la 2022 lina sahani mbili, kwa hiyo tena CD ndiyo nafuu.

Jar of Flies ya Januari 1994 inahitaji tahadhari. Ni rekodi fupi, nyimbo saba, kama dakika 30, na ndiyo rekodi fupi ya kwanza kuingia chati ya albamu ya Marekani ikiwa nambari moja. Ni tamu na tulivu, na magitaa yasiyo ya umeme yamejaa. Lakini wauzaji wengi huitoza bei ya albamu nzima. Kwa dola 5 ichukue. Kwa dola 15 unalipa nusu dola kwa kila dakika, heri kwa pesa hiyohiyo upate CD mbili zilizotumika.

Bendi hii bado ipo, ikiimba na William DuVall tangu 2006. Albamu za kipindi hicho ni imara, ila si mahali pa kuanzia.

Pearl Jam: nzuri, lakini haiishi

Ten ndiyo rahisi kuliko zote kuipata, na Vs. ya 1993 inaifuata. Vs. iliuza takriban nakala 950,000 katika wiki yake ya kwanza Marekani, hivyo CD zake zimezagaa. Zote mbili ziwe dola 10 au chini yake. Anayekuuzia Ten iliyotumika kwa dola 12 anakuona mgeni.

Ten ina matoleo mawili ya sauti. La mwanzo la 1991 lina mwangwi mwingi. Mwaka 2009 mtayarishaji Brendan O'Brien aliichanganya upya ikawa kavu na ya karibu zaidi. Yasikilize yote mtandaoni kabla ya kununua, kwa sababu huhitaji kuwa nayo yote.

Vitalogy ya 1994 ina tatizo la uimara. Jalada lake ni kijitabu cha karatasi badala ya kasha la plastiki. Karatasi huchakaa na CD hukwaruzika kila ikitolewa na kurudishwa. Ukinunua iliyotumika, ikague mara mbili, kisha uihamishie kwenye kasha la kawaida.

Sharti la Pearl Jam ni kwamba rafu yake haijai. Ina albamu 12 za studio hadi Dark Matter ya 2024, na kwa ziara ya mwaka 2000 ilitoa rekodi 72 za maonyesho ya jukwaani. Shabiki mwenye hulka ya kukamilisha vitu atafilisika. Weka ukomo leo: Ten, Vs., na Vitalogy kama ikipatikana safi.

Gharama zilizofichwa: hapa Pearl Jam walikuwa upande wako

Mwaka 1994 bendi hii ilitaka tiketi ya dola 18 na ada ya huduma isiyozidi dola 1.80. Iligombana na kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster, ikapeleka malalamiko Wizara ya Sheria ya Marekani, na Juni 30 wanamuziki wake Stone Gossard na Jeff Ament walitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Bunge. Ziara ya kiangazi ilifutwa. Julai 1995 wizara ilifunga uchunguzi bila kuchukua hatua.

Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inawalazimu wauza tiketi za maonyesho kuonyesha bei yote, pamoja na ada za lazima, tangu mwanzo. Ada hazijafutwa, zimeonyeshwa tu. Kama uko huko na unataka kuwaona Pearl Jam, linganisha bei ya mwisho, kisha ongeza usafiri na malazi. Tiketi moja inaweza kumeza albamu zote zilizotajwa hapa.

Kwa anayeagiza rekodi kutoka nje, ada zilizofichwa ni tatu.

Nauli: kifurushi cha CD moja kutoka Marekani hadi Dar es Salaam au Nairobi mara nyingi kina nauli inayozidi bei ya CD. Agiza kwa pamoja na wenzako, au mwombe ndugu anayerudi nyumbani aziweke kwenye begi. CD kumi bila makasha ni nyepesi kuliko jozi ya viatu.

Kodi: VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na asilimia 16 Kenya. Kwa bidhaa zinazoingia nchini, haikokotolewi kwenye bei ya dukani peke yake. Nauli na bima huingizwa kwenye hesabu, pamoja na ushuru ukiwapo.

Benki: malipo ya kadi kwa dola huwa na kiwango cha ubadilishaji cha benki na mara nyingine ada ya muamala wa nje. Uliza kabla, na lipia kila kitu kwa muamala mmoja.

Ukijumlisha hayo, CD ya dola 6 inaweza kufika kwako ikiwa ya dola 25. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki asiye na mtu wa kumbebea, faili za kupakua ndizo zinazoshinda.

Santuri nayo ina gharama zake. Mashine za bei ya chini zenye umbo la sanduku huwa na sindano inayogandamiza sana na kula mifereji. Mashine ya kuaminika, amplifaya na spika vitakutoka dola 250 au zaidi, na sindano hubadilishwa baada ya saa 500 hadi 1,000 za matumizi. Kununua santuri bila kuhesabu hayo ni kununua jiko la gesi ukasahau mtungi.

Na CD? Kompyuta nyingi mpya hazina pa kuiingiza. Kisomaji cha nje cha USB ni kama dola 25. Nakili CD zako mara moja, weka faili kwenye simu, na kisomaji mkigawane watu watatu.

Kukagua CD iliyotumika

Geuza upande wenye maandishi kwanza. Mkwaruzo wa upande huo ndio hatari, kwa sababu tabaka la data liko chini kidogo ya rangi. Inua CD kwenye taa: ukiona vitundu vya mwanga, irudishe.

Kwa upande unaong'aa, mikwaruzo midogo inayotoka katikati kwenda ukingoni haina shida kubwa. Inayozunguka kufuata mduara ndiyo inayokwamisha.

Kwa santuri, kuwa mwangalifu na rekodi za matangazo ya redio ya Nirvana na Pearl Jam zinazouzwa kwa majalada mazuri. Nyingi hazikuidhinishwa na bendi, na sauti ni bahati nasibu. Kama jalada halitaji kampuni inayotoa rekodi za bendi hiyo, weka chini.

Wasiotajwa sana, wenye thamani kubwa

Ubishi wa wakubwa wanne unakuficha biashara nzuri. Mkusanyiko wa Mudhoney wa 1990 uitwao Superfuzz Bigmuff Plus Early Singles una nyimbo 12 kwenye CD moja, pamoja na Touch Me I'm Sick. Usinunue ule wa awali wa nyimbo sita kwa bei ileile.

Temple of the Dog ya 1991 ni bendi mbili kwa bei ya moja: watu wa Soundgarden na waliokuja kuwa Pearl Jam, wakimkumbuka Andrew Wood wa Mother Love Bone aliyefariki 1990. Sweet Oblivion ya Screaming Trees ya 1992 ina sauti ya Mark Lanegan na bei ya kusahauliwa. Live Through This ya Hole, ya 1994, inasimama bega kwa bega na yoyote kati ya zilizotangulia.

Kama hujui uanzie wapi, nunua muziki wa filamu Singles ya 1992. Ndani wamo Pearl Jam kwa nyimbo mbili ambazo hazimo kwenye Ten, Alice in Chains, Soundgarden, Mudhoney, Screaming Trees na Mother Love Bone. Nirvana hawamo, na hiyo ndiyo kasoro yake pekee kama sampuli.

Nguo ni za mwisho kwenye orodha. Shati la flaneli lilivaliwa Seattle kwa sababu lilikuwa rahisi na la joto. Mwaka 1992 mbunifu wa mitindo Marc Jacobs alilipeleka kwenye maonyesho ya mitindo ya Perry Ellis na bei ikapanda. Ukilitaka, pitia masoko ya mitumba ya Karume (Dar es Salaam) au Gikomba (Nairobi), na pesa inayobaki inunue muziki.

Uamuzi kwa mfuko wako

Chini ya dola 10: Superunknown, CD iliyotumika. Kama uko Afrika Mashariki na huna wa kukubebea, lipia mwezi mmoja mtandaoni, onja zote, na usinunue chochote bado.

Dola 20: Superunknown, Nevermind ya miaka ya 1990, na Dirt, zote zilizotumika. Zikipatikana kwa dola 6 kila moja, unabakiwa na nauli ya basi. Kwa mnunuzi wa faili, dola 20 ni albamu mbili: Superunknown na Dirt, kwa kuwa Nevermind utaisikia kila mahali bila kulipa.

Dola 40: ongeza In Utero ya soko la nje, Ten na Singles. Kama bado hujafika ukomo wa pesa, Mudhoney.

Zaidi ya dola 100 na huna mashine ya santuri: usianze santuri. Nunua CD kumi, kisomaji kimoja na hedfoni nzuri. Bendi bora utaijua baada ya hapo, na jibu lako halitakuwa limekugharimu boksi.